Kunde za Chupani

Asubuhi lori la kuwahamisha lilipofika, Letisia alikuwa amekwisha kufunga chupa zake. Alizifunga moja moja kwa majani makavu ya mgomba, kama mtu afungavyo mayai ya kupeleka safari ya mbali, akazipanga kwenye matenga mawili, kisha akakaa juu ya jiwe lake la kusagia kungoja. Mgambo walikuwa tayari juu ya paa la jirani, wakiezua.

Mumewe, Melkizedek, alitoka ndani akiwa amebeba mlango mgongoni. Aliutua chini akamtazama.

"Dereva anasema lori limejaa," alisema. "Jiwe au matenga. Vyote havipandi."

"Matenga."

"Huko utasagia nini?"

"Jiwe nitaazima. Mbegu nani ataniazima?"

Melkizedek hakubishana. Alijua kilichomo ndani ya chupa zile, tena chupa zenyewe ni yeye aliyezileta.

Alizileta kutoka Mikumi, miaka ile barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokuwa ikijengwa. Alikuwa kibarua jikoni katika kambi ya mainjinia. Chupa za bia zilirudishwa dukani, lakini za wiski na mvinyo hazikuwa na mwenyewe. Zilitupwa nyuma ya jiko zikarundikana mpaka zikawa kama kichuguu. Mpishi wa pale, mzee Vitalis, alimfundisha kuzikata. Unachovya uzi wa pamba kwenye mafuta ya taa, unaufunga chupani pale unapotaka ikatike, unauwasha, unaizungusha chupa polepole mpaka moto ukaribie kuzimika, kisha unaitumbukiza kwenye maji baridi. Inalia tak, inaachana vipande viwili. Ukingo unausugua juu ya jiwe lenye maji mpaka usiweze kumkata mtu mdomo. Kila alipopata likizo Melkizedek alipanda kwao, milimani juu ya Ulaya, kijiji cha huko Kilosa, akisukuma baiskeli yenye gunia la chupa. Akatengeneza bilauri, akatengeneza vibatari, na vile vichwa vya chupa vilivyobaki akavifanya faneli. Ukutani mwa jiko alilaza chupa nzima kwenye udongo, matako nje, shingo ndani, na mchana jiko likawa na mwanga wa kijani. Watu wakitoka kanisani walipitia kuangalia.

Chupa ambazo hazikukatwa alizichukua Letisia. Alikuwa amechoka kulima kwa ajili ya fukusi. Kila mwaka, msimu wa kupanda ulipofika, alikuta nusu ya kunde za mbegu zimekuwa unga na matundu. Sasa akazianika mpaka punje ikiwekwa kwenye jino inalia kama changarawe, akazichanganya na majivu yaliyochekechwa, akazimimina chupani kwa faneli ya Melkizedek mpaka shingoni, pasibaki hata nafasi ya pumzi. Juu akaziba kwa kipande cha gunzi, na juu ya gunzi akayeyushia nta ya nyuki. Mwaka uliofuata alipoivunja nta ile, kunde zilitoka kama alivyoziweka. Tangu hapo akaweka za kila namna: kunde, mtama, mbaazi, mbegu za maboga. Wanawake wa mlimani walikuja kwake kila vuli, na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Hizo ndizo chupa zilizopanda lori, mwaka ule wa sabini na nne, watu walipoambiwa kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa kumekuwa amri. Nyuma yao waliacha mihogo ardhini, na ule ukuta wa jiko ukiwa umesimama bila paa.

Walishushwa uwandani, upande wa Kilangali, mahali palipokuwa na vigingi vya viwanja vilivyopangwa kwa mistari, na vumbi. Kijiji kilikuwa na jina kabla hakijawa na nyumba: Tupendane. Mwenyekiti aliyeteuliwa, Nikolaus, mtu mpole aliyehamishwa kama wao, aliwaonyesha kigingi chao na kuwaambia kwamba bomba la maji litakuja, zahanati itakuja, shule itakuja. Alisema kama mtu anayesoma sala aliyofundishwa jana.

Jioni ile mwanamke mmoja kijana alitoka kigingi cha pili akiwa na makaa kwenye kigae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeona hamna moto."

Aliitwa Sikuzani. Yeye na mumewe, Mwinshehe, walikuwa watu wa bondeni, wameletwa kutoka ukingoni mwa mto na binti yao mdogo. Sikuzani alitazama mizigo ya Letisia, akaona matenga, akaona hakuna jiwe. "Langu lipo pale," alisema. "Saga wakati wowote, usibishe hodi." Letisia alimwambia asante. Sikuzani alipojua kwamba Letisia ana binti aliyeolewa Dumila, anaitwa Ida, akaanza kumwita mama Ida, na wakawa majirani.

Vuli haikuja. Walichokuja nacho kikaisha, na mihogo ya mlimani iliyofuatwa kwa miguu ikakutwa imeshachimbuliwa na ngiri. Serikali ikaleta unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu wakauita yanga. Ulikuwa ukija, ukikawia, ukija tena pungufu. Melkizedek alikata chupa mbili tatu alizookota njiani, akatengeneza bilauri, akazungusha kijijini. Watu walizigeuza mikononi wakazisifu. Hakuna aliyekuwa na cha kunywea humo.

Mwinshehe alianza kuvimba miguu. Kisha uso. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, aliyemtania Melkizedek kwamba watu wa mlimani huoga sikukuu ya Krismasi tu. Sasa alikaa mlangoni kutwa nzima, na utani ukamwisha. Sikuzani alimpeleka hospitali Kilosa kwa kupanda nyuma ya trekta. Walirudi na vidonge. Mganga alisema vidonge si kitu, mgonjwa ale maharage, ale kunde, damu irudi.

Sikuzani alikuja kwa Letisia asubuhi, baada ya Melkizedek kwenda kutafuta kuni. Hakukaa.

"Mama Ida, nina shida."

Letisia aliijua shida yenyewe kabla haijasemwa. Kijiji kizima kilijua kilichomo ndani ya matenga.

"Chupa moja tu ya kunde," Sikuzani alisema. "Niwe ninamchemshia kidogo kidogo. Majivu nitayaosha."

"Mwanangu," Letisia alisema, "hizi si chakula."

"Najua."

"Nikifungua moja, kesho atakuja mwingine, naye ana mgonjwa. Kila nyumba hapa ina mgonjwa. Mvua ikinyesha tutapanda nini? Yanga haipandwi. Imeshasagwa." Alijisikia akisema haraka kuliko kawaida yake. "Mvua ikidondoka tu, nitagawana nawe nusu kwa nusu. Mungu ananisikia."

Sikuzani alitazama chini. Vidole vyake vilikuwa vinakunja ncha ya khanga na kuikunjua.

"Sawa, mama Ida," alisema, akaondoka.

Melkizedek aliporudi na kusikia, aliweka kuni chini, akakaa.

"Ungempa," alisema.

"Na mwingine?"

"Mwingine hakutuletea makaa wala kutuazima jiwe."

Letisia aliinama kuzipanga zile kuni. Alikuwa amefikiri hivyo hivyo, na alikuwa amefikiri pia juu ya shamba jeusi baada ya mvua, na watu wamesimama kandokando yake mikono mitupu. Mawazo yote mawili yalikuwa ya kweli. Kesho yake asubuhi alichukua kikapu chake cha mtama wa kuombaomba akaenda kusaga, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa kusema kitu. Sikuzani alikuwa akifagia. "Shikamoo, mama Ida," alisema, kama siku zote, akamwondolea jiwe vumbi kwa kiganja.

Mwinshehe alikufa kabla ya mvua. Labda kunde zingemwinua, labda zisingemwinua. Mganga mwenyewe alikuwa amemtazama kwa jicho la kuaga. Hakuna aliyemnyooshea Letisia kidole. Alichota maji ya msiba tangu alfajiri mpaka shingo ikamkakamaa, akasonga ugali wa yanga kwa wachimba kaburi, na aliponyoosha mkono kumpa Sikuzani pole, Sikuzani aliushika mkono huo kwa mikono yake miwili, akaushikilia muda mrefu. Letisia angependelea kupigwa kofi.

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuwa Desemba, ilianza mchana na radi, ikapiga siku mbili mfululizo, na uwanda ukanuka udongo. Watu walitoka wakasimama nje wakilowana. Letisia alivunja nta. Zote zilikuwa salama, hata chupa moja haikuharibika. Alimgawia Sikuzani nusu, kisha akaongeza, kisha akaongeza tena mpaka fungu la Sikuzani likapita lake. Sikuzani alizichukua punje kwenye ungo, akazipuliza majivu, akaziangalia.

"Ni nzuri," alisema. Akaondoka na ungo wake.

Zilizobaki Letisia aliwagawia majirani wa mstari wao, kila nyumba konzi yake. Wakapanda. Zikaota zote, zikasimama mistari kwa mistari, na kwa mara ya kwanza tangu walipohama Melkizedek alisikika akipiga mluzi.

Mvua ikakata. Mwaka mpya ukaingia na jua lake. Mtama uligeuka majivu ukiwa bado urefu wa kiganja, mbaazi zikafuata. Kunde zikaendelea kushikilia, majani yakijikunja mchana na kujikunjua alfajiri.

Ni Melkizedek aliyezitazama chupa tupu zilizorundikwa ukutani. Alijaza moja maji, akaziba mdomo kwa dole gumba, akaipindua na kuichomeka shingo ndani ya udongo kando ya shina. Walichuchumaa wakaangalia. Kiputo kimoja kikapanda. Baada ya muda mrefu kikapanda kingine. Maji yalikuwa yakishuka kwa kadiri udongo ulivyoyavuta, hakuna tone lililopotea juani. Jioni chupa ilikuwa bado na maji, na shina lile lilikuwa limesimama.

Wakazichomeka zote. Hazikutosha mashamba yote. Walichagua kipande kimoja mpakani, nusu upande wa Letisia na nusu upande wa Sikuzani, vingine wakaviacha vife. Kila alfajiri wanawake hao wawili walikwenda kwenye korongo, ambako kijiji kilikuwa kimechimba kisima mchangani, wakateka, wakarudi, wakajaza chupa moja baada ya nyingine. Katika uwanda mzima wa rangi ya ngozi ya ng'ombe pakawa na mkeka mmoja wa kijani, na chupa zikimetameta ndani yake. Watu walisimama kuutazama. Mwanzoni walisifu.

Kisima kikapungua. Ikawa mtu anashuka kwa ngazi, anasubiri maji yajikusanye, anachota kwa kata. Mwenyekiti Nikolaus aliitisha mkutano. Mama mmoja, Costancia, aliyekuwa na mtoto mgonjwa wa tumbo, alisimama.

"Mwanangu anakunywa tope," alisema. "Mama Ida ananywesha majani. Sina ugomvi naye. Ila nauliza, majani na mtu, nani ana kiu?"

Minong'ono ikapita. Watu waligeuka, si kwa Letisia, bali kwa Sikuzani, kwa maana kila mmoja alijua habari ya ile chupa moja iliyoombwa ikanyimwa. Letisia naye alimtazama. Alikuwa tayari kwa lolote, alilitaka hata.

Sikuzani alisimama. "Maji yagawanywe," alisema kwa sauti ndogo. "Kila nyumba ipewe fungu lake. La kwangu nitalifanya nitakavyo. Nikitaka kulinywesha majani, mtu asiniulize."

Akakaa. Nikolaus akasema huo ndio uamuzi.

Basi wakaishi hivyo. Hawakuoga. Walipikia maji kidogo, wakanywa kidogo, binti wa Sikuzani peke yake akinywa kwa kadiri ya kiu yake, na yaliyobaki yakaenda chupani. Midomo yao ilipasuka. Melkizedek alisema anakula fungu la maji bure, akaenda Mikumi kutafuta kibarua, akisema atarudi na chochote. Walibaki wawili. Walifanya kazi bega kwa bega bila maneno mengi, na Letisia hakuwahi kupata mahali pa kuanzia lile alilotaka kusema.

Kunde zikatoa maua, kisha maganda. Maganda yalikuwa membamba, bado laini, ukiyashika juani unaona punje ndani kama vivuli. Wiki moja nyingine, Letisia alisema, wiki moja tu, na watakuwa na mbegu tena, na cha kuonja juu yake. Nyani walikuwa wameanza kushuka kutoka upande wa mbuga, kwa kuwa huko nako kulikuwa kumekauka, hivyo walilinda kwa zamu kutwa nzima, wakigonga debe.

Asubuhi hiyo ikapigwa mbiu: lori la yanga limefika, na safari hii kila mwenye kaya afike mwenyewe, hakuna kuchukuliana. Nyumba zote zilikuwa hazijaonja unga kwa siku nyingi. Letisia alisimama shambani akitazama barabara, akitazama miti.

"Nenda wewe," alimwambia Sikuzani. "Nitabaki."

"Fungu lako litapotea."

"Lipotee."

"Na baba Ida akirudi atakula nini?" Sikuzani alisema. "Twende. Tutasimama mbele, turudi upesi."

Walikuta foleni imeshazunguka mti na kurudi. Hawakuweza kusimama mbele. Jua lilipanda, watu wakakaa chini wakishikana nguo ili nafasi isipotee, na unga ukaisha wakiwa bado nyuma ya watu wengi. Karani alitikisa gunia la mwisho, akalikunja, akaomba radhi. Nikolaus alikuwa amesimama kando. Yeye pia hakupata.

Walirudi mbio. Kutoka mbali Letisia aliona rangi imebadilika, lakini miguu ilikataa kusimama. Nyani walikuwa bado mle, kundi zima na watoto mgongoni. Walikuwa wamechuna kila ganda, na kilichobaki wakakitafuna mpaka shina. Maji walikuwa wameyanusa. Walikuwa wakizing'oa chupa, wanazipindua, wanalamba shingo, wanazitupa. Dume moja kubwa liligeuka likawatazama wale wanawake wawili, likaendelea na chupa yake mpaka ilipokauka, ndipo likaondoka, bila haraka.

Waliokota walichoweza. Yalikuwa majani yaliyokanyagwa na maganda machache yaliyotafunwa nusu, punje zake bado maji. Sikuzani aliyachemsha akampa binti yake. Letisia alibaki shambani akikusanya vioo, ili watoto wasijikate.

Melkizedek alirudi kutoka Mikumi akiwa amekonda, mkononi ana mfuko mtupu aliokuwa ameuosha vizuri. Wanaotafuta kazi huko, alisema, ni wengi kuliko miti. Letisia alimwonyesha shamba. Alitembea mle mara moja, akaokota chupa iliyosalimika, akaitazama, akaiweka chini tena.

Mwisho wa Machi masika ikashuka, masika ya kweli, ambayo wazee walikuwa wameanza kusema haitarudi. Korongo likajaa. Uwanda ukaota majani mpaka kiunoni, na hakuna nyumba hata moja katika Tupendane iliyokuwa na punje ya kutia ardhini. Watu walisimama mashambani mwao na majembe, kwa mazoea tu. Letisia alichuma mlenda na mchicha pori, akapika, wakala. Nikolaus alikwenda Kilosa kuomba mbegu, akarudi na ahadi.

Sikuzani alikuwa na kaka aliyekuwa akiuza mihogo kituoni Dumila. Alipoamua kwenda, hakumwambia mtu ila Letisia, kwa kuwa kuhama kijiji kulitaka ruhusa na ruhusa isingetoka. Letisia alimsindikiza mpaka barabara ya magari, amembebea binti yake mgongoni. Walisubiri mvuani chini ya mfuko wa plastiki.

"Siku ile ya mkutano," Letisia alisema hatimaye, "wote walingoja useme. Mbona hukunisema?"

Sikuzani alifikiri.

"Ningesema nini, mama Ida? Ingekuwa mimi ndiye mwenye mbegu, na baba Ida ndiye anayevimba, ningekunyima vilevile." Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwake. "Namwota baba yake. Ananiuliza kama kunde zimeiva."

Lori la mkaa likasimama. "Nakuaga, mama. Shikamoo."

"Marahaba," Letisia alisema, na lori likaenda.

Mbegu za serikali ziliwasili mvua ilipokuwa inaishia, ardhi imeanza kukakamaa. Zilikuwa kunde, safi, nyeupe, kila kaya ikapimiwa bakuli. Nikolaus aliwasihi watu wazitunze mpaka vuli ijayo. Alipitia mbele ya Letisia akasimama, akasema mbele za watu kwamba mama Ida anajua namna ya kuhifadhi, atawafundisha, na chupa chache bado zipo. Letisia aliitikia kwa kichwa.

Nyumbani aliziosha, akateleka chungu. Melkizedek alikaa upande wa pili wa moto, akamtazama akizimimina.

"Zote?" aliuliza.

"Zote. Hizi ni chakula."

 Melkizedek alisogeza ukuni ndani, na wakakaa wakingoja ziive.